Mtoto Haonekani Mgonjwa: Kipimo cha Madini ya Risasi na Kazi ya Mlezi wa Kituo

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa walezi wa vituo vya kulea watoto wadogo, Mombasa. Yanachapishwa hapa ili wazazi na walezi ambao hawakuhudhuria nao wayasome.

 

Neno lenyewe huanza kwa kuwachanganya watu. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ana risasi kwenye damu, hushtuka akadhani habari za bunduki. Risasi inayozungumziwa leo ni madini: kitu kizito, laini kwa chuma, chenye rangi ya kijivu. Ndiyo iliyo ndani ya betri ya gari. Ndiyo ambayo baadhi ya wavuvi huyeyusha ili kutengeneza chubwi ya mshipi au ya wavu. Ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Na ndiyo iliyotiwa kwa miaka mingi kwenye rangi za nyumba ili rangi ing'ae na ikauke upesi.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na madini haya. Chuma cha kawaida mwili unakihitaji ili kutengeneza damu. Kalsiamu unaihitaji kwa mifupa. Risasi haihitajiki hata chembe, na Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ambacho kimethibitishwa kuwa salama.

Ubaya wa risasi ni kwamba haina harufu, haina ladha ya kumtahadharisha mtu, na kwa kiwango cha chini haimlazi mtoto kitandani. Mtoto anacheza, anakula, analala. Huenda akawa mzito kidogo wa kujifunza maneno, mwepesi wa hasira, au mgumu wa kutulia. Huenda akapungukiwa damu, akaumwa tumbo mara kwa mara au akapata choo kigumu. Mambo haya yote yana sababu nyingine mia. Hakuna mlezi, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini, anayeweza kumtazama mtoto usoni akajua kwamba ana risasi mwilini. Kinachoweza kusema ni damu peke yake.

Kwa nini watoto wadogo, na kwa nini vituoni

Mtu mzima na mtoto wakimeza kiasi kilekile cha risasi, mwili wa mtoto hufyonza mara nne hadi tano zaidi. Halafu mtoto mdogo huimeza kwa wingi zaidi, kwa sababu ya maisha yake yalivyo. Anatambaa. Anaokota. Kila kitu anakijua kwa kukitia mdomoni: kidole, kijiko, kiatu, kipande cha rangi kilichobanduka ukutani. Kati ya miezi sita na miaka mitatu, mkono wa mtoto hauachani na mdomo, na huo ni wakati ambao ubongo wake unakua kwa kasi sana. Risasi ikiingia wakati huo, sehemu ya madhara kwa ubongo hairudi nyuma, hata ikija kuondolewa baadaye.

Sasa tujiulize: mtoto wa umri huo anashinda wapi? Mama anatoka alfajiri kwenda kuuza samaki, kufua nguo za watu, au kuingia zamu kiwandani. Mtoto anaachwa kituoni saa kumi na mbili asubuhi na kuchukuliwa jioni. Hewa anayoivuta, sakafu anayotambaa na uji anaounywa kwa siku tano au sita za juma ni vya kituo. Kliniki humwona kwa dakika chache anapopelekwa chanjo, na baada ya chanjo za mwaka wa kwanza na wa pili wengine hawaonekani tena hadi waugue. Mlezi humwona kila siku.

Kwa hiyo mlezi ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kujua habari za kipimo hiki. Hatakiwi kuwa daktari wala kutoboa mtoto kidole. Kazi yake ni kuuliza, kuelekeza na kuangalia mahali pake.

Mfano uko hapa nyumbani

Wakazi wa Mombasa hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimuuguza mwanawe mchanga bila kujua anaumwa nini. Mwanzoni ilidhaniwa ni maradhi ya kawaida ya huku kwetu, malaria au homa ya matumbo. Matibabu hayakusaidia. Damu ya mtoto ilipopimwa risasi, ndipo jibu likapatikana. Bi Omido aliacha kazi akaanza kuwatetea majirani, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kesi ya wakazi ilikwenda hadi mwisho wa ngazi za mahakama. Mwezi wa Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha mwezi wa Desemba 2024. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu kiwanda kifungwe. Mtoto aliyekuwa akitambaa wakati huo alikuwa sasa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Watafiti nao walikwenda huko kupima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walichukua damu ya watoto 130 wa Owino Uhuru, wote chini ya miaka mitano, wakailinganisha na ya watoto 129 wa mtaa wa Bangladesh, huku huku Mombasa. Wastani wa risasi kwa watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 katika kila desilita ya damu. Kwa watoto wa Bangladesh ulikuwa 3.7. Mara mbili kamili. Na udongo wa Owino Uhuru nao ulikuwa na risasi nyingi kuliko wa Bangladesh.

Hapa kuna somo ambalo kila mlezi anafaa kuondoka nalo leo. Watoto wale wa mitaa miwili wangewekwa pamoja kwenye uwanja mmoja wacheze mpira wa karatasi, hakuna ambaye angeweza kuwatenga kwa macho. Tofauti ilikuwa kwenye damu, na damu ilikuwa ikisimulia habari za udongo. Kipimo cha mtoto ni kipimo cha mahali anapoishi na anaposhinda.

Kipimo kinavyofanywa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa ncha ya kidole na kuchukua matone machache. Vipo vifaa vidogo vinavyotoa jibu hapo hapo kwa dakika chache. Njia hii ni nyepesi, lakini ina hatari moja: mkono wa mtoto ukiwa na vumbi lenye risasi, vumbi hilo huchanganyika na tone la damu na jibu likatoka juu kuliko ukweli. Kwa hiyo mkono wa mtoto huoshwa vizuri kwa sabuni na maji ya kutiririka, ukakaushwa, na mtoto akazuiwa kugusa kitu tena kabla ya kutobolewa. Mlezi au mzazi akiona jambo hilo limerukwa, asione haya kulikumbusha.

Njia ya pili ni kuchukua damu kwenye mshipa wa mkono na kuipeleka maabara yenye mashine ya kupima madini. Hii ndiyo ya kutegemewa zaidi. Jibu la kidole likiwa juu, huthibitishwa kwa damu ya mshipa kabla ya uamuzi wowote mkubwa.

Kipimo hiki si miongoni mwa vile ambavyo mtoto hufanyiwa kila aendapo kliniki kupimwa uzito. Mzazi lazima akiulizie. Na anapokiulizia, aeleze sababu: "Tunakaa karibu na karakana ya betri," au "Baba yake huyeyusha chubwi nyumbani." Mhudumu aliyeambiwa sababu huwa na pa kuanzia, aliyeambiwa tu kwamba mtoto ana hasira, huenda akaandika dawa ya minyoo.

Jibu huja kwa nambari. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na desilita ni thuluthi ya chupa ya soda ya mililita 300. Ni kiasi kidogo mno, lakini kwa ubongo unaokua si kidogo. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unasema hivi: jibu likifika mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na mtoto aepushwe nacho. Likifika 45 au zaidi kwa mtoto wa miaka kumi au chini, atibiwe kwa dawa maalumu za kuivuta risasi itoke mwilini. Mtoto mwenye degedege, kupoteza fahamu au kutapika kusikokoma apelekwe hospitali mara moja bila kungoja nambari.

Dawa hizo ni za hospitali na chini ya uangalizi wa daktari. Zile chupa zinazouzwa vituo vya matatu kwa jina la kusafisha damu si dawa ya risasi. Mzazi asipoteze fedha zake wala muda wa mtoto.

Watoto wengi wanaopatikana na risasi huwa chini ya 45, na kwao tiba kubwa ni moja: kuondoa chanzo. Hakuna sindano inayoweza kushindana na sakafu yenye vumbi la risasi ambayo mtoto anarudi kuitambaa kesho yake. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki au miezi, kadiri mhudumu atakavyoelekeza. Chanzo kikiondolewa, nambari huanza kushuka, ingawa huchukua muda kwa sababu sehemu ya risasi hujificha mifupani na kutoka polepole. Nambari ikikataa kushuka, maana yake chanzo bado kipo na hakijaonekana.

Watoto wa kituo kimoja wanaposomwa pamoja

Nguvu ya kituo iko kwenye jambo ambalo nyumba moja haina. Chukua mfano wa kituo chenye watoto kumi na wanne. Mmoja anapimwa na nambari yake inatoka 12. Mzazi analia, na mlezi anaogopa. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la lawama. Lakini kwa nambari hiyo moja hakuna anayeweza kujua kama risasi ilitoka nyumbani au kituoni.

Wenzake wakipimwa, habari hubadilika. Ikiwa wengine wote wako chini na ni huyu tu aliye juu, macho yaelekee nyumbani kwake: kazi ya baba, sufuria ya kupikia, wanja anaopakwa, ukuta wa chumba. Ikiwa sita au saba wako juu, na wanatoka nyumba tofauti, mitaa tofauti, basi kinachowakutanisha ni kituo. Hapo ndipo bwana afya anapojua pa kuanza kuchimba.

Kwa hiyo mtoto mmoja akipatikana, wale anaoshinda nao wapimwe pia, pamoja na ndugu zake wa nyumbani, na mama akiwa mjamzito au ananyonyesha amweleze mhudumu. Risasi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Hofu za walezi

Zipo hofu tatu ambazo husemwa kwa sauti ya chini, na ni vyema zisemwe hapa wazi.

Ya kwanza ni hofu ya kufungiwa. Mlezi hujiambia: nikiuliza habari za risasi, watakuja, watapima, watanifunga, na nitakula nini? Hofu hiyo inaeleweka. Lakini mara nyingi kinachotakiwa si kufunga. Ni kuhamisha zulia kutoka ukuta unaobanduka, kupaka rangi upya kwa njia salama, kumwaga sakafu ya saruji juu ya udongo, kuzuia uwanja upande wa karakana, au kubadili sufuria. Kituo ambacho mlezi wake aliuliza mapema hurekebishwa kwa gharama ndogo. Kile kinachogunduliwa baada ya watoto kuzidiwa ndicho ambacho wazazi hukikimbia bila kuambiwa na mtu.

Ya pili ni hofu ya mtoto kukataliwa. Mtoto mwenye risasi kwenye damu hawezi kumwambukiza mwenzake. Hii si surua wala si kifua kikuu. Hakuna sababu ya kumtenga, kumpa kikombe chake peke yake, wala kumwambia mama yake asimlete tena. Katika jimbo la New York kule Marekani, sheria huwataka wenye vituo vya watoto waulize ushahidi wa kipimo cha risasi mtoto anapoandikishwa. Asiye na ushahidi hafukuzwi. Mzazi hupewa maelezo kuhusu risasi na kuelekezwa kwenye kipimo. Utaratibu huo unafaa kuigwa hapa hata pasipo sheria ya namna hiyo, kwa sababu mtoto anayefukuzwa kituoni huishia kubebwa kazini na mama, au kuachwa na nduguye mwenye miaka minane.

Ya tatu ni hofu ya lawama. Mama aliyempaka mwanawe wanja alifanya kama bibi yake alivyofanya. Baba aliyerudi na nguo za kazi akambeba mwanawe kabla ya kuoga, alifanya kwa mapenzi. Mlezi akianza na lawama, mzazi atafunga mdomo, na chanzo hakitajulikana. Mlezi aulize kama anayetafuta ufunguo uliopotea, si kama anayemtafuta mwizi.

Kuangalia mahali kabla ya kungoja damu

Kipimo cha damu kina upungufu mmoja mkubwa: kinasema baada ya risasi kuingia. Haifai damu ya mtoto iwe ndiyo chombo cha kwanza cha kuchunguzia sakafu. Kwa hiyo kila mlezi, akirudi kituoni kesho, azunguke na kuangalia.

Aanze nje. Je, jirani anavunja betri za gari, za tuktuk au za sola? Anaunga vyuma, anachoma nyaya, anayeyusha vyuma kuukuu? Mwaka 2007 na 2008, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer mjini Dakar, Senegali, watoto 18 walikufa kwa muda wa miezi michache kutokana na vumbi la betri zilizovunjwa mtaani. Palikuwa mtaa wa kawaida wenye watu wanaotafuta riziki, kama mitaa ya huku. Karakana ya namna hiyo ikiwa karibu na kituo, afisa wa afya ya umma ajulishwe, na mamlaka ya mazingira NEMA pia. Wakati huohuo mlango na madirisha ya upande huo yafungwe kazi inapofanyika, na watoto wasichezee upande huo.

Pili, kuta, milango na vitanda. Rangi ya zamani inayobanduka au kusagika kuwa unga ndiyo ya kuogopwa. Viwango vya Kenya vya sasa haviruhusu rangi kuwa na risasi zaidi ya sehemu 90 katika milioni, lakini kilichopakwa zamani bado kiko ukutani. Rangi hiyo isikwanguliwe ikiwa kavu, wala isipigwe msasa watoto wakiwa ndani. Ilowanishwe kwanza, watoto wahamishwe, na mabaki yakusanywe yatupwe. Atakayenunua rangi mpya aulize ile isiyotiwa risasi.

Tatu, vumbi. Fagio kavu hulitimua vumbi likarudi kutua palepale, na jingine likaingia mapuani. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji na sabuni kila siku, na vitu vya kuchezea vioshwe. Viatu vya watu wazima vibaki mlangoni. Hilo la viatu Mombasa halihitaji kufundishwa.

Nne, mikono. Watoto waoshwe mikono kwa sabuni kabla ya uji, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya kulala na kila watokapo nje. Katika mambo yote yaliyotajwa leo, hili ndilo la bei nafuu zaidi.

Tano, jiko. Sufuria zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma kuukuu vya kila aina zimepatikana, katika uchunguzi wa nchi mbalimbali, zikitoa risasi kwenye chakula, hasa chakula chenye ndimu, ukwaju au nyanya kinapokaa ndani kwa muda mrefu. Sufuria ya chuma cha pua ni bora. Aliye na ile nyingine asihifadhi chakula ndani yake usiku kucha. Na sufuria iliyowahi kuyeyushiwa chubwi isirudi jikoni kamwe, hata ikasuguliwa mara ngapi. Kuchemsha maji hakuondoi risasi.

Sita, wanja. Huku pwani mtoto mchanga hupakwa wanja kwa ajili ya urembo na kinga ya jicho baya. Wanja wa jiwe, ule unaosagwa, aghalabu hutokana na madini yenye risasi yenyewe. Mtoto hujifuta macho, kisha akanyonya mkono. Mlezi anaweza kulisema jambo hili kwa heshima: mila haivunjwi kwa kubadili kinachopakwa. Na akina mama wanaokula udongo au mawe ya sokoni wakati wa ujauzito waambiwe kwamba baadhi ya udongo huo huwa na risasi ndani yake.

Saba, nguo za kazini. Mzazi anayefanya kazi ya betri, vyuma, rangi au gereji abadilishe nguo na aoge kabla ya kumchukua mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Chakula nacho kina nafasi. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalsiamu hufyonza risasi zaidi, kwa sababu mwili wenye njaa ya madini hupokea hata yasiyotakiwa. Maharagwe, ndengu, mchicha, dagaa, maziwa, pamoja na chungwa au embe, ni chakula cha kawaida cha hapa na kinamsaidia. Mtoto asikae na tumbo tupu muda mrefu. Hata hivyo, chakula bora hakichukui nafasi ya kuondoa chanzo.

Daftari na maswali manne

Kila kituo kina daftari ya kuandikisha watoto. Waongeze maswali manne mzazi anapomleta mtoto: Mtoto anaishi karibu na mahali pa kuvunja betri au kuyeyusha vyuma? Nyumbani kuna mtu afanyaye kazi ya betri, rangi, gereji au chubwi? Mtoto ana tabia ya kula udongo au rangi ya ukutani, au hupakwa wanja? Amewahi kupimwa risasi, na jibu lilikuwa nini?

Jibu la ndiyo kwa mojawapo ya maswali matatu ya kwanza ni sababu ya kutosha kumwelekeza mzazi kwenye kituo cha afya akaulizie kipimo, hasa mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Marekani, watoto walio kwenye mpango wa bima ya serikali wa Medicaid hutakiwa kupimwa wakiwa na miezi 12 na tena wakiwa na miezi 24, kwa kuwa ndio umri ambao risasi hupanda. Mlezi amwambie mzazi aende na kijitabu cha mama na mtoto, jibu liandikwe humo, na nakala ya nambari na tarehe ibaki kituoni. Mtoto akihamia kituo kingine, nambari imfuate. Na habari hizo ni siri ya familia, hazizungumzwi bombani.

Mlezi asiyejua pa kuanzia amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au bwana afya wa wadi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka vituo vya afya na vituo vya kulea watoto chini ya serikali za kaunti. Mlezi anayebisha hodi kuuliza kuhusu risasi hamsumbui mtu. Anauliza kwa wale ambao Katiba imewapa kazi hiyo.

Mwisho, mkumbuke mtoto wa Owino Uhuru aliyetibiwa maradhi asiyokuwa nayo kwa sababu hakuna aliyefikiria kuuliza swali jingine. Walezi mliopo hapa, kila asubuhi mnapokezwa watoto na mama wanaowaamini kuliko wanavyomwamini mtu yeyote mtaani. Mtoto anaingia akicheka. Haonekani mgonjwa. Muulize mama yake maswali yale manne kabla hajakimbilia matatu.